Saa ya Chakula Ndani ya Ua wa Kayaba

Mimi chai ya saa nne siipendi. Watu hushangaa nikisema hivyo. Ati mwalimu mzima, aliyezeekea kazini, hapendi chai ya saa nne! Nawaambia waniache na maji yangu ya moto. Chai hiyo nimeichemsha mpaka ikanitoka puani, na kama una nafasi nitakueleza ilikuwaje.

Ilikuwa miaka ya sabini, upande wa Kieni, karibu na soko la Chaka, mahali ambapo upepo wa mlima hauna adabu kabisa. Mimi kwetu ni Mukurweini, kwenye migomba na kahawa na joto la kiasi, lakini nilikuwa nimeolewa huko, na shule niliyopangiwa ilikuwa ng'ambo ya bonde kutoka nyumbani kwa mume wangu. Zamani palikuwa shamba la mzungu. Baada ya uhuru shamba likagawanywa, watu wakapewa vipande vyao, na maghala na mazizi yakageuzwa madarasa. Mzungu alikuwa amezungushia boma lake ua wa kayaba, ule mti wa miiba mirefu ambao hata mbuzi huuogopa, ili ng'ombe wake wasitoke. Ng'ombe waliondoka, ua ukabaki, tukaingia sisi. Lango lilikuwa moja tu, la chuma, na lilikuwa na kufuli.

Ufunguo wa kufuli hiyo ulikaa katika mfuko wa koti la hedimasta. Sitamsingizia. Hakuwa mlevi, hakula pesa za shule, wala hakumpigia mwalimu kelele mbele ya watoto. Alikuwa mtu wa utaratibu. Shati lake lilipigwa pasi kila siku, hata siku za matope. Sasa, nikiwa nyumbani kwa likizo ya uzazi, walimu wawili wanaume walikuwa wametoka saa ya chakula siku ya soko, wakaenda Chaka, na wakarudi masomo ya alasiri yakikaribia kwisha, wakiimba. Hedimasta hakuwafukuza. Alinunua kufuli. Kuanzia siku hiyo, saa saba ikigonga, watoto wadogo walioachiliwa kwenda nyumbani wakishatoka, lango lilifungwa mpaka jioni. Walilewa wawili, tukafungiwa wote.

Mimi hayo sikuyajua. Niliporudi kazini nilikuwa na hesabu yangu nyingine kabisa kichwani. Mtoto wangu alikuwa msichana, wa kwanza, na kwa desturi yetu alichukua jina la mama ya mume wangu. Mtoto akipewa jina la mtu, huyo ndiye mtu mwenyewe. Mama mkwe nilimwita Maitu, yaani mama yangu, na yule mchanga pia nilimwita Maitu. Bibi naye akimzungumzia mtoto alisema "mimi." Unasikia, "Leo mimi nimelala vizuri," kumbe ni mtoto. Ukiwa mgeni katika nyumba hiyo unaweza kufikiri wamerukwa na akili.

Huyo Maitu mdogo alikataa chupa katakata. Tulimjaribu na maziwa ya ng'ombe, akayatema. Tulimjaribu na maji ya sukari, akakunja uso kama mzee aliyepewa dawa ya minyoo. Alitaka titi tu. Na mimi kwa kweli nilifurahi, kwa sababu chupa niliziogopa kama ugonjwa. Jirani yetu alikuwa amemzika mtoto wa chupa mvua za mwaka huo. Tumbo lilimshika Jumapili, na kabla ya Jumapili nyingine hayupo. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia, "Mama, nyonyesha. Ukiweza, nyonyesha mpaka atembee." Nikapiga hesabu: asubuhi nitamnyonyesha kabla ya kutoka, saa ya chakula nitateremka bonde mbio, nimnyonyeshe, nipande tena, na jioni nitakuwa naye. Nilikuwa na miguu wakati huo. Ingewezekana.

Siku ya kwanza kengele ya saa saba ilipogongwa, nilichukua leso yangu nikaenda langoni. Nikakuta kufuli. Nikalitikisa lango kama mtu asiyeamini macho yake. Hedimasta akatoka ofisini, pole pole, akifuta miwani.

"Unaenda wapi, mwalimu?"

"Nyumbani, hedimasta. Niko na mtoto ananyonya."

"Hongera. Mtoto ni baraka." Akavaa miwani. "Lakini nikikufungulia wewe, nitamfungia nani?"

"Wafungie walevi."

"Walevi ni walimu. Na wewe ni nani?"

Nikamwambia saa ya chakula ni haki ya mwalimu, hata chuoni tulifundishwa hivyo, kwamba hiyo saa si ya mwajiri.

"Ni yako," akasema. "Nani amekunyang'anya? Kula. Lakini utakula humu ndani."

Akageuka akaenda zake. Mimi nilibaki pale nimeshika chuma, watoto wa darasa la sita wananiangalia na mikebe yao ya githeri, mahindi na maharagwe, mkononi. Nilitamani ardhi inimeze.

Na usidhani ndani kulikuwa na kula. Tulikuwa walimu wanawake watatu. Mimi, na msichana mmoja aliyetoka chuo juzi, bado hajathibitishwa kazini, mwenye kuogopa hata kivuli chake. Halafu mwalimu mkongwe, mjane, aliyeanza kufundisha wakati wa mkoloni na ambaye tayari alikuwa anahesabu miaka ya kustaafu. Wanaume walikuwa wengi kutuzidi. Cheti changu kilikuwa sawa na chao, mshahara sawa, madarasa sawa. Lakini kengele ya mapumziko ikigongwa saa nne, wanaume walienda kukaa kwenye viti katika ofisi ya walimu, wakinyoosha miguu, na sisi tulienda jikoni, kibanda cha mabati nyuma ya ofisi, kuwasha moto. Kuni mbichi, moshi machoni, sufuria nyeusi. Tukiwamiminia wote, tukiwapa waliotaka kuongezewa, kengele inagongwa tena, na wewe bado umesimama na kikombe chako hakijaguswa. Saa ya chakula ilikuwa vivyo hivyo, kupasha githeri yao na kuosha vyombo. Hakuna aliyetuamuru. Hakuna aliyeuliza. Ilikuwa tu hivyo, na mimi nilikuwa nimeifanya hiyo kazi mwaka mzima bila kuifikiria, nikicheka nao.

Sasa nilianza kuifikiria. Ukiwa na titi limejaa hadi linauma kama jipu, na mtoto wako yuko ng'ambo ya bonde analia, halafu mwanaume mzima anakuinulia kikombe anasema, "Mwalimu, sukari imekosea leo," mambo mengi hukuingia akilini. Mchana nikifundisha, maziwa yalinitoka yenyewe. Nilivaa sweta nzito hata jua likiwaka. Msichana mmoja wa darasa la tano aliinua mkono akasema, "Mwalimu, umemwagikiwa." Nikamwambia asome kitabu chake.

Jioni ya siku ile ya kwanza nilimkuta Maitu mkubwa amechoka, mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Nikamweleza.

"Amekufungia? Kama mbuzi?"

"Kama mbuzi, Maitu."

"Yule? Yule nimemwona akitembea bila suruali hapa hapa! Mama yake ni rika langu." Akatema mate kando. "Sawa. Mimi nikiona njaa siwezi kukaa tu. Nitakuja."

Na kweli alikuja. Kengele ya shule ilikuwa pete ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa mtini, ikigongwa unaisikia bonde zima. Alipoisikia ya saa nne alimfunga mtoto mgongoni akaanza kushuka, taratibu na magoti yake, na kabla ya saa saba alikuwa amefika nyuma ya vyoo, mahali ambapo mti ulikuwa umeangukia ua na kuacha upenyo, mkubwa kama karai. Alikuja na panga na gunia. Gunia alilitandika juu ya miiba, akanipitishia mtoto kama anayepitisha mkate tanurini.

Usicheke. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu ya chakula, na niliipenda. Niliketi kwenye nyasi mgongo nimeupa ua, mtoto ananyonya huku ameshika kidole changu, na Maitu ng'ambo ya majani anapiga domo. Ng'ombe amekataa kukamwa. Shemeji yako amekuja kuomba jembe, nimemwambia aende akanunue lake. Mwalimu mkongwe ndiye aliyenisitiri. "Nenda," alisema. "Chakula chao nitapasha mimi. Wakiuliza nitasema unaumwa tumbo. Tumbo la mwanamke hawaliulizi."

Mwezi wa saba ukaja, na wewe kama unajua Kieni mwezi wa saba huhitaji nikwambie. Jua halionekani. Ukungu unateremka mlimani asubuhi na kuketi mashambani kutwa, na mvua yenyewe si mvua, ni unyevu tu unaoingia mifupani. Maitu alianza kukohoa. Nikamwambia abaki. Akasema, "Mimi nikibaki, mimi nitakula nini?" Nikajua anasema juu ya mtoto, nikampokea.

Siku moja hedimasta akatokea nyuma ya vyoo. Sijui nani alimwambia. Nina wangu ninayemshuku, lakini amekwisha kufa, nimwache apumzike. Mtoto alikuwa kwenye titi. Hedimasta alipoona, aligeuka haraka akanipa mgongo, maana heshima alikuwa nayo, hiyo siwezi kumnyima. Aliongea akiangalia vyoo.

"Mwalimu, huu upenyo ni hatari. Watoto wa shule watapita hapa."

"Hakuna mtoto amepita hapa ila wangu."

"Ni hatari," akarudia. Akaondoka.

Maitu ng'ambo ya ua akasema, "Hakunisalimia."

Asubuhi iliyofuata upenyo ulikuwa umezibwa. Matawi ya kayaba yaliyokatwa, yamekandamizwa moja juu ya jingine na kufungwa kwa waya. Sikuwa na njia ya kumpelekea Maitu habari. Kengele ya saa nne ikagongwa, nami nikajua sasa ameinuka, sasa anamfunga mtoto mgongoni, sasa anashuka. Nilichemsha chai. Nikamimina nusu yake chini bila kuona.

Saa saba nilienda nyuma ya vyoo nikangoja. Nikasikia kikohozi chake kwanza.

"Mwana wangu? Nani amefunga hapa?"

"Ni wao, Maitu. Wamefunga."

Alijaribu panga. Nilisikia akikata, akisukuma, akisema woi miiba ikimchoma. Mtoto akasikia sauti yangu akaanza kulia, kile kilio cha kujua kwamba mama yuko karibu. Tulikuwa hatua chache. Ningeweza kumgusa kama si ule ukuta wa majani. Sikuona hata unywele wake. Sweta ilikuwa imelowa mpaka kiunoni.

"Maitu, mrudishe nyumbani."

"Mwongeleshe basi," akasema. "Akusikie, atulie."

Nikamwongelesha. Nilimwita Maitu, nikamwambia nyamaza, mama yuko hapa, mama anakuja. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kulia. Mwishowe niliziba mdomo wangu kwa mkono, kwa sababu nilielewa kwamba sauti yangu ndiyo iliyokuwa inamtesa. Nikasikia miguu ya Maitu ikiondoka na kilio kikishuka bonde pamoja nayo. Nilimchukia mwanaume yule siku hiyo. Ninasema wazi, nilimchukia. Halafu nikaosha uso nikaenda kufundisha hesabu za mafungu.

Jioni niliporudi mtoto alikuwa amelala, ameshiba. Kando ya kitanda kulikuwa na kikombe na kijiko.

"Nimempa ya ng'ombe," Maitu akasema kabla sijauliza. "Nimeyachemsha, nimeweka maji kidogo. Ameyanywa. Ulitaka nifanye nini?"

Nilimpigia kelele. Mama mkwe! Nilimwambia atamuua, nikamkumbusha mtoto wa jirani. Yeye alikaa na mikono yake magotini, imejaa mikwaruzo ya kayaba, mingine bado mibichi, na mimi nilipoiona nikaanza kulia kama mtoto mdogo. Akaniambia, "Lia. Ukimaliza kuna chakula."

Basi ikawa hivyo. Kila siku nikirudi nilimgusa tumbo mtoto, nikaangalia nepi, roho juu. Hakuugua. Alinona, hata. Lakini nilipomweka kwenye titi jioni alivuta kidogo, akaachia, akajikunja mgongo na kulia kwa hasira. Nilijua kwa nini. Maziwa yalikuwa yanapungua. Titi lisilonyonywa mchana hujifunza. Nilikunywa uji wa wimbi, nikanywa mchuzi wa mifupa, nikala kila kilichosemwa kinarudisha maziwa. Nilijiambia ni meno yanamsumbua.

Mume wangu alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi huko Nanyuki, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, maana ni mtu mpole, kisha akasema, "Vumilia. Ukigombana naye, uhamisho nani atakutilia sahihi?" Na hapo alinifunga mdomo. Ilikuwa kweli. Kutoka katika shule ile kulihitaji mkono wa mtu yule yule aliyenifungia. Nilimtafuta pia mtu wa chama cha walimu, siku ya soko, nikamkuta kwenye hoteli anakula maandazi. "Mwalimu," akasema, "saa hiyo ni yako. Hilo halina mjadala." Nikamuuliza kama atakuja kumwambia hedimasta hivyo. Akapangusa mafuta vidoleni. "Tutaangalia," akasema. Mpaka leo anaangalia.

Kisha Jumatatu moja hedimasta akatuita walimu wote. Mkaguzi wa shule anakuja wiki hiyo, Alhamisi. Alitaka kila kitu kiwe sawa, na kwa kutaka kwake kila kitu kiwe sawa akajikwaa. Alisema, na vidole vyake viko kwenye meza: "Alhamisi sitaki kuona mtu akirandaranda. Kila mwalimu afanye kazi yake iliyoandikwa. Iliyoandikwa! Kisichoandikwa, usikiguse."

Tulipokuwa tunaosha vikombe, mwalimu mkongwe akasema, bila kuinua macho kwenye karai, "Mmemsikia?"

"Tumemsikia," nikasema.

"Chai imeandikwa wapi?"

Yule msichana akaacha kusuuza.

"Nimewachemshia wanaume chai tangu mkoloni," mkongwe akaendelea. "Mume wangu alikufa nikiwa kazini. Nilizika Jumamosi, Jumatatu nikachemsha chai. Alhamisi sichemshi."

"Mimi bado sijathibitishwa," msichana akanong'ona.

"Wewe utakaa kwenye kiti. Kukaa kwenye kiti si kosa."

Alhamisi saa nne kengele ikagongwa. Tukaingia ofisi ya walimu, sisi watatu, tukaketi. Sikuwahi kukaa humo wakati wa mapumziko. Kulikuwa na joto. Wanaume wakaingia mmoja mmoja, wakatazama meza tupu, wakatutazama, wakatazama dirisha ambako moshi wa jikoni ungekuwa. Kisha tukasikia hedimasta kwenye veranda, sauti ya kukaribisha wageni, "Karibu mzee, karibu upate chai kwanza, baridi ya kwetu unaijua."

Kama hujazaliwa huku, nikwambie. Mgeni kwetu anaweza kukosa kiti, anaweza kukosa hata mwenyeji. Lakini kuondoka bila chai! Hiyo itazungumzwa mpaka kwa watoto wake. Na huyu hakuwa mgeni wa kupita. Mkaguzi alikuwa mzee wa upande wa mashariki ya mlima, mkubwa wa mwili, na alikuwa ameondoka kwake alfajiri. Aliingia akisugua viganja.

Hedimasta akaona meza.

"Walimu," akasema. "Chai?"

Msichana aliinamisha kichwa karibu akiingize mezani. Mkongwe akajibu kwa upole kabisa, "Hedimasta, tuko mapumzikoni. Ulisema kila mtu na kazi yake iliyoandikwa."

Mwalimu mmoja mwanaume akaruka akaenda jikoni. Mwingine akamfuata. Tukawasikia wakigombana na kuni, kisha moshi ukaanza kuingia dirishani, mwingi, bila dalili ya moto. Hedimasta akachukua kitambaa akajipangusa paji la uso, katika baridi ile.

Mkaguzi aliketi. Akatutazama sisi wanawake, na macho yake yakaishia kwangu.

"Kuna nini hapa?"

Kiswahili changu cha chuo chote kilinikimbia. "Niko na mtoto," nikasema. "Ananyonya. Saa ya kula tunafungiwa na kufuli. Akiletwa kwa ua, ua inazibwa. Mapumziko tunapika, saa ya kula tunapika. Maziwa inakauka, mzee. Inakauka nikiwa hapa ndani." Sikukusudia kusema neno la maziwa mbele ya wanaume wote wale. Lilinitoka.

"Ni kweli?" Mkaguzi akamuuliza hedimasta.

"Ni mambo ya nidhamu, bwana. Kulikuwa na walevi."

Mkaguzi akashusha pumzi. Nilingoja aseme juu ya haki, juu ya sheria ya kazi, juu ya mtoto. Alisema, "Mwalimu, nimetoka nyumbani gizani na baridi hii. Shule nzima ina walimu wote hawa, na mimi ninakaa kuvuta moshi?" Akageukia dirisha akakohoa. "Wafungulie hao wamama lango, tunywe chai, tufanye kazi."

Ndivyo nilivyopata haki yangu, kwa njaa ya mzee mmoja ya kikombe cha chai. Hedimasta alisema kuanzia kesho, mwenye mtoto mchanga atatoka saa saba na kurudi kabla ya saa nane. Alisema bila kunitazama. "Sasa, tafadhali," akaongeza, na vichwa vyote vya wanaume vikageuka kuelekea jikoni, kisha kwetu. Mkongwe alitangulia kusimama. Nami nikasimama. Nilishinda na papo hapo nikapiga magoti nikipuliza moto, machozi ya moshi yananitiririka, na msichana ananong'ona, "Tumefaulu, mwalimu, tumefaulu!"

Kesho yake saa saba lango lilikuwa wazi. Nilipita nikiwa na leso yangu na sikutembea, nilikimbia. Nilishuka bonde nikiteleza kwenye matope, nikavuka kijito, nikapanda upande wa pili kifua kinawaka. Wanawake waliokuwa wanalima waliniuliza kuna kifo gani. Nikawapungia tu mkono. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Maitu alikuwa jikoni, mtoto amempakata. Aliponiona mlangoni aliacha mdomo wazi.

"Amekufungua?"

"Amenifungua! Lete huyo."

Nikaketi kwenye kigoda hata kabla pumzi haijarudi, nikafungua kifua, nikamweka. Alinusa. Alinitazama usoni, akanitambua, hata akatabasamu. Kisha akageuza kichwa. Nikamrudisha. Akageuza tena, akajisukuma kwa ngumi zake mbili ndogo, akaanza kulia, akamnyooshea bibi yake mikono. Nilikamua kidogo nimpake mdomoni. Lilitoka tone, nalo likachelewa. Alilitema.

"Nimekimbia, Maitu," nikamwambia mtoto. "Nimekimbia njia yote."

Maitu mkubwa hakusema "mimi" siku hiyo. Alisema, "Amezoea kikombe, mwana wangu. Usimlazimishe, atakuogopa." Akachukua kikombe kutoka kando ya moto, maziwa ya ng'ombe, vuguvugu, na kijiko chake, akaniwekea mkononi. "Shika. Mpe wewe."

Nilimpa. Alikunywa vizuri sana, kijiko baada ya kijiko, mashavu yamejaa, mtoto mwenye afya ambaye yeyote angejivunia. Kila alipomeza aliangalia juu ya bega langu kuona kama bibi yake bado yupo. Alipomaliza alilala mikononi mwa Maitu. Nilifunga vifungo vya sweta.

Nilipanda bonde nikirudi shuleni, nikafika kengele haijagongwa. Hapakuwa na kitu cha kunichelewesha.